Konosuke Matsushita, bosi aliyekata saa za kazi bila kukata mushahara

Stoki imejaa depo, wanunuzi hawaonekani, na mwisho wa mwezi unakaribia. Kila mutu anayeongoza kazi, ikuwe kiwanda, ikuwe duka la vifaa, ikuwe masomo ya watu binafsi, anajua usiku wa namna hiyo. Usingizi unakimbia, na swali linalorudi ni moja tu: ni nani tumuambie asirudi kesho?

Mwezi wa 12 mwaka 1929, katika inchi ya Japani, swali hilo lilifikishwa kwa mutu aliyekuwa amelala kitandani, mugonjwa. Jina lake Konosuke Matsushita. Wasaidizi wake walikuja na jibu tayari: kufukuza nusu ya wafanyakazi. Yeye alikataa. Vile alikataa, na vile alipanga mambo kiisha kukataa, njo sababu watu wanafundisha maisha yake mpaka leo katika masomo ya uongozi.

Wengi wenu munamujua bila kujua kama munamujua. Wazee waliosikiliza habari kwenye redio ya National, ama waliotia mabuye ya National ndani ya tochi, walikuwa wanatumia kazi ya mikono ya kompani yake. Miaka ya 1960 kompani hiyo ilifungua hata kiwanda Dar es Salaam, Tanzania, cha kutengeneza mabuye na redio. Leo kompani ile inaitwa Panasonic.

Mutoto wa baba aliyepoteza mashamba

Matsushita alizaliwa tarehe 27 mwezi wa 11 mwaka 1894, katika kijiji cha Wasa, jimbo la Wakayama. Alikuwa kitinda mimba, mutoto wa nane. Baba yake alikuwa na mashamba na heshima katika kijiji. Lakini alijitia katika biashara ya kubahatisha bei ya muchele, bei ikamugeukia, na mashamba yakaenda. Familia ilihama kijiji na kuanza maisha ya umaskini katika muji.

Mwaka 1904, akiwa na miaka tisa tu, Konosuke alitolewa masomo na kutumwa Osaka peke yake kufanya kazi. Kwanza alitumika kwa mutu aliyetengeneza majiko ya makaa. Nyuma ya miezi michache akapelekwa kwenye duka la kinga, yaani baiskeli, na huko akakaa miaka karibu tano. Alifagia, alisugua vyuma, alilala dukani, na alijifunza namna ya kuongea na wateja.

Kuna jambo dogo la wakati ule ambalo yeye mwenyewe alipenda kukumbusha. Wateja walikuwa wanamutuma kila mara kununua sigara. Kijana akaona kama anapoteza wakati kwenda na kurudi, akaanza kununua pakiti nyingi kwa mara moja na kuziweka dukani. Juu ya kununua pakiti 20, muuzaji alikuwa anamuongezea moja ya bure. Faida ikaingia kidogo kidogo. Wateja walifurahi, na bosi pia alifurahi. Lakini watoto wengine wa kazi walianza kununa, na mwisho bosi akamuomba aache.

Ile ilikuwa hesabu nzuri iliyoharibika juu ya watu. Alikuwa amefikiria bei na wakati, lakini hakufikiria wenzake wangeona namna gani faida anayokula peke yake. Somo lile alibaki nalo.

Umaskini ulifuatana na vifo. Baba yake alikufa mwaka 1906. Mama naye akakufa, na ndugu zake wakaondoka mumoja mumoja, wengine juu ya kifua kikuu. Mbele ya kufikisha miaka 30, Matsushita alikuwa amebaki peke yake katika watoto wale nane. Yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa mapafu uliomulaza mara kwa mara. Kwa hiyo tangu ujana alilazimika kufanya jambo ambalo mabosi wengi hawapendi: kuachia wengine kazi na kuwaamini.

Kiwanda ndani ya nyumba ya kukodi

Mwaka 1910, umeme ulipokuwa unaingia katika nyumba za Osaka, kijana huyu aliingia kwenye kompani ya umeme ya muji ule. Alipanda ngazi haraka, mpaka akakuwa mukaguzi wa kazi za mafundi akiwa na miaka 22. Wakati ule alikuwa ametengeneza soketi mupya ya kutilia ampuli. Akamuonyesha mukubwa wake. Mukubwa hakuona faida yake. Mwaka 1917 Matsushita akaacha kazi.

Alikuwa na pesa kidogo sana, karibu yen 100. Alianza na bibi yake Mumeno, shemeji yake Toshio Iue aliyekuwa na miaka 14, na marafiki wawili aliotoka nao kwenye kompani. Walifanyia kazi ndani ya nyumba waliyokuwa wanalala. Soketi hazikuuzika. Marafiki wale wawili wakaenda kutafuta maisha pengine. Mumeno akapeleka nguo zake kwa mutu wa kukopesha kwa rehani ili nyumba ikule.

Kilichowaokoa ni oda ya vipande 1.000 vya kutumia katika mashini za upepo. Haikuwa soketi, lakini walijua kufinyanga kitu cha namna ile. Walifanya usiku na muchana, wakapeleka kwa wakati, wakalipwa. Mwezi wa 3 mwaka 1918 wakafungua kompani yao kwa namna rasmi.

Tusipite haraka juu ya Mumeno. Vijana wa kwanza wa kiwanda walikuwa wanalala na kula kwake. Ni yeye aliyewapikia na kuwaangalia kama watoto wa nyumba. Wafanyakazi wengi waliochukua mizigo mikubwa ya kompani nyuma walijifunza kazi katika nyumba ile, kwenye sahani ya Mumeno. Mambo ya uaminifu tutakayosema hapa chini yalianzia pale.

Maji yalijaa mutungi mbele ya moto

Mwaka 1920, nyuma ya vita ya kwanza ya dunia, uchumi wa Japani ulianguka na viwanda vingi vikayumba. Kompani ya Matsushita ilikuwa na watu 28 tu. Mwaka ule wote pamoja walianzisha shirika lao la ndani, Hoichi Kai, jina linaloonyesha watu wanaotembea kwa hatua moja. Walifanya michezo, walitembea pamoja, na walizungumza mambo ya kazi. Kwa macho ya mutu wa hesabu, ile ni kupoteza wakati. Lakini kwa njia ile kila mutu alijua mwenzake, na bosi alijua kila mutu.

Mwaka 1923 walitengeneza taa ya kinga inayotumia mabuye, iliyowaka saa 30 mpaka 50. Wafanyabiashara wa jumla walikataa kuichukua, juu taa zingine za wakati ule zilikuwa zinazima nyuma ya saa mbili tatu. Matsushita hakubishana nao. Aliwatuma vijana wapeleke taa kwenye maduka madogo na kuziacha hapo zikiwaka, bila kudai pesa. Wenye maduka waangalie wenyewe, kiisha walipe kama wameridhika. Wakaridhika, na wakalipa.

Kiisha ikakuja krizi ya mabanki, mwaka 1927. Watu walikimbilia kutoa pesa zao, na banki moja baada ya ingine zikafunga milango. Wakaaji wa Goma na Bukavu, tangu mwanzo wa mwaka 2025, hawahitaji kufasiriwa maana ya banki iliyofungwa: pesa ni yako, lakini haiko mukononi. Kati ya zile zilizofunga kule Japani kulikuwa Banki ya Kumi na Tano, ambako Matsushita aliweka pesa zake.

Lakini mbele ya krizi ile alikuwa amezungumza na banki ingine, Sumitomo. Wakati walimuomba afungue konti, yeye aliomba kwanza wamuahidi mukopo wa yen 20.000 siku atakapohitaji. Ni ombi la kushangaza kwa mutu ambaye bado si muteja. Banki ilichunguza kazi yake, na mwisho ikakubali. Krizi ilipofika, akauliza kama neno lile bado linasimama. Lilisimama. Muangalie vizuri: mazungumzo yale aliyafanya wakati hakukuwa shida. Mutu anayetafuta urafiki na banki ama na wauzaji wake siku nyumba inaungua, amechelewa.

Mwezi wa 12, mwaka 1929

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1929 serikali ya Japani ilikuwa inakaza mukanda ili kurudisha pesa ya inchi kwenye bei ya zahabu. Mwezi wa 10, soko la New York likaanguka. Bei zikashuka, viwanda vya Japani vikaanza kufunga, watu wakafukuzwa, na katika pahali pengi kukazuka migomo.

Kwa Matsushita, mauzo yalishuka kwa nusu. Kufikia mwezi wa 12, depo zilikuwa zimejaa mpaka hakukuwa tena nafasi ya kuweka taa na soketi. Yeye alikuwa nyumbani, mugonjwa. Shemeji yake Iue, ambaye sasa alikuwa mukubwa katika kompani, alikuja na mwenzake kumuletea hesabu na shauri lao. Hawakuwa watu wabaya. Walifanya hesabu kama vile kila mutu alifanya wakati ule: kazi imebaki nusu, basi tubaki na nusu ya watu.

Matsushita aliwasikiliza mpaka mwisho. Kiisha akatoa mupango wake. Kutengeneza vitu kutapunguzwa kwa nusu, tangu siku ile. Watu wa kiwanda watafanya kazi nusu siku. Hakuna hata mumoja atafukuzwa. Mushahara utalipwa wote, wa siku nzima. Lakini kuna deni upande wa pili: watu wote wa kuuza wasahau siku za mapumziko, na kila mutu atie nguvu zake zote kuuza ile stoki mpaka iishe.

Sababu yake haikuwa huruma tu. Alifikiri kama alikuwa na nia ya kukuza kompani, na kama krizi itapita. Mushahara wa nusu siku ambao atalipa bila kazi ni hasara, ndiyo, lakini ni hasara ya miezi michache. Mufanyakazi aliyefundishwa miaka tano, ukimufukuza leo, kesho utafundisha mwingine kuanzia sifuri. Na wale watakaobaki watakuwa wanafanya kazi na jicho moja ku mulango.

Wasaidizi walirudi, wakakusanya watu na kuwaambia. Wafanyakazi walikuwa tayari wamesikia mambo yanayotendeka katika viwanda vya jirani, na walikuwa wanangojea vibaya. Waliposikia mupango, walipiga kelele za furaha. Kiisha wakatoka na mizigo. Ndani ya miezi karibu mbili, stoki ilikuwa imeisha. Kiwanda kikarudi kwenye siku nzima, na nyuma kidogo oda zikapita nguvu yao.

Historia hii tunaijua zaidi kupitia vile Matsushita mwenyewe aliielezea katika vitabu vyake, na mutu akielezea ushindi wake anaweza kuupamba. Lakini matunda yake yanaonekana: kompani haikuanguka wakati ingine zilianguka, na miaka 1930 yote ilizidi kukua.

Ujuzi uko wapi?

Ukisoma haraka, utasema kama Matsushita alikuwa na moyo mwema na bahati nzuri. Lakini tukiangalia hatua kwa hatua, tunaona ujuzi wa kuishi na watu, ule ambao mukubwa wa kazi anaweza kujifunza.

La kwanza, alisikiliza watu walioleta habari mbaya. Hakuwakaripia juu mauzo yameshuka. Bosi anayekasirikia muleta habari, kesho ataletewa uongo.

La pili, alisema mapema na alisema wazi. Watu hawakuachwa wiki nyingi wakinong'ona. Katika krizi, kama mukubwa ananyamaza, uvumi ndio unaongoza kazi. Vijana wazuri wanaanza kutafuta pengine, na wale wanaobaki wanaanza kuchukua vitu vya kiwanda kwa sababu wanafikiri ni mwisho.

La tatu, aliwaambia hesabu yenyewe: nini kimeshuka, nini kitapunguzwa, nini hakitaguswa. Mutu anaweza kubeba habari nguvu kama anajua ukubwa wake. Hofu isiyo na kipimo njo inavunja watu.

La ine, na hili wengi wanalisahau, aliomba kitu. Hakutoa zawadi. Aligawanya muzigo: kompani inabeba hasara ya mushahara, wafanyakazi wanabeba jasho la kuuza. Mufanyakazi hakubaki mutu wa kuhurumiwa. Alikuwa mutu mwenye sehemu yake katika kuokoa nyumba. Heshima ile inafanya kazi kuliko hotuba.

La tano, watu walimuamini juu alikuwa ameishi nao. Maneno yale yale, kama yangetoka kwa bosi aliyewasahau miaka kumi, wangecheka na kungojea barua ya kufukuzwa.

Redio isiyoharibika

Krizi ilipokuwa bado inauma inchi nzima, Matsushita alijiingiza katika redio. Redio za wakati ule zilikuwa zinakufa kila siku. Mwaka 1930 alishirikiana na kiwanda kimoja kilichojulikana kwa kazi nzuri, akatia redio kwenye maduka yake. Zikarudishwa nyingi, na wauzaji wakakasirika.

Alipochunguza, aliona kama zamani redio zile ziliuzwa na mafundi waliozikagua na kuzirekebisha mbele ya kuziuza. Wauzaji wake wa umeme hawakuwa na ujuzi ule. Angeweza kuwatupia kosa wale wenye maduka. Lakini alisema kama kazi ni kutengeneza redio ambayo mutu wa kawaida anaweza kuuza bila kuwa fundi. Mwenye kiwanda hakukubali, wakaachana. Matsushita akampa kazi ile mutu wake, Tetsujiro Nakao, ambaye hakuwa mutalaamu wa redio. Alimuambia kama anaamini ataweza. Mwaka 1931 redio yao ilipata nafasi ya kwanza katika mashindano ya NHK, redio ya taifa ya Japani. Mwaka uliofuata, Matsushita alinunua haki ya uvumbuzi mumoja uliokuwa unafunga njia kwa watengenezaji wote wa redio, akaifungua kwa wote bila malipo, hata kwa washindani wake.

Tarehe 5 mwezi wa 5 mwaka 1932 aliwaita wafanyakazi 168 katika ukumbi wa Osaka akawaambia kazi yao ni ya nini: kutengeneza vitu muhimu kwa wingi na kwa bei ya chini mpaka viwe kama maji ya bomba, ambayo hata mupita njia anakunywa bila kuitwa mwizi. Alipanga kazi ile kwa miaka 250. Watu wengine wangecheka. Lakini mutu aliyeokolewa kwenye kufukuzwa miaka miwili mbele, akisikia kama kuna mupango wa wajukuu wake, anafanya kazi na moyo mwingine. Mwaka 1933 aligawanya kompani katika sehemu, kila sehemu na mukubwa wake mwenye kujibu juu ya faida na hasara yake. Ugonjwa ulimufundisha kama bosi hawezi kubeba yote.

Vita, na malipo ya deni la zamani

Haifai kuficha upande mwingine. Wakati wa vita ya pili ya dunia, kompani ilifanya kazi ya jeshi la Japani. Iliunda mashua za mbao na hata ndege. Vita ilipoisha mwaka 1945, Wamarekani waliotawala Japani walimuweka Matsushita katika orodha ya wakubwa wa biashara waliopaswa kuondolewa. Mali zake zilifungwa.

Mwanzo wa mwaka 1946, wafanyakazi wa kompani waliunda sendika. Katika inchi nzima sendika zilikuwa zinapambana na mabosi, na wengi waliwafukuza. Matsushita alikwenda kwenye mukutano wa kufungua sendika bila kualikwa. Akaomba ruhusa ya kuongea, akawapongeza kwa maneno mafupi, akatoka. Watu walimupigia makofi.

Miezi michache nyuma, habari ilipofika kama ataondolewa, ni sendika ile ile iliyokusanya saini za maelfu ya wafanyakazi na kutuma wajumbe Tokyo kumuombea. Wakubwa wa serikali walishangaa: walizoea kuona sendika zinazoomba bosi afukuzwe, si abaki. Wenye maduka pia waliandika. Mwaka 1947 kizuizi juu yake kikaondolewa. Mutu aliyekataa kufukuza watu mwaka 1929 alikataliwa kufukuzwa na watu.

Mara aliyoshindwa

Hapa njo pahali pa kusimama kidogo, juu maisha yake si hadithi ya malaika. Nyuma ya vita, kompani ilikuwa na madeni mengi, bei zilikuwa zimefungwa na serikali, na pesa haikuzunguka. Mishahara ikaanza kulipwa kwa vipande. Mwaka 1949 magazeti yalimutaja kuwa mutu mwenye deni kubwa la kodi katika Japani. Na mwaka 1950 kompani iliachisha kazi mamia ya wafanyakazi.

Bosi yule yule, moyo ule ule. Nini kilibadilika? Mwaka 1929 kompani ilikuwa na stoki inayoweza kuuzwa, na mukono wake ulikuwa huru. Mwaka 1950 hakuwa na kitu cha kugawanya. Mutu hawezi kugawanya hasara na wengine kama hazina imekauka. Kwa hiyo ujuzi wa kuongea na watu haushindi hesabu. Unasaidia pale hesabu inaacha nafasi, na bosi muzuri ni yule anayelinda nafasi ile mbele. Matsushita mwenyewe, nyuma ya mambo hayo, alifundisha kama kompani inapaswa kujijengea bwawa la akiba: pesa kidogo, vifaa kidogo, watu waliofundishwa, vinavyongojea siku ya ukame.

Siku tatu Atami

Mara ya mwisho alipoonyesha ujuzi wake ni mwaka 1964. Alikuwa na miaka 69 na alikuwa amekwisha kuachia wengine uongozi wa kila siku. Mauzo ya vifaa vya umeme yalikuwa yamepungua, na makompani mengi yaliyouza vitu vyake yalikuwa katika hasara. Mwezi wa 7 aliwaita wakubwa wao, karibu 200, kwenye muji wa Atami.

Siku mbili za kwanza zilikuwa kelele. Wauzaji walilaumu kompani: vitu vinafanana na vya wengine, tunalazimishwa kuchukua stoki tusiyoweza kuuza. Matsushita naye aliwajibu kama wao pia wanaendesha kazi vibaya na wanategemea kompani sana. Alibaki amesimama saa nyingi akisikiliza na kujibu.

Siku ya tatu aligeuka. Aliwaambia kama amefikiri usiku na ameona kosa liko kwa kompani yake. Akawakumbusha siku za zamani, wakati ampuli zake zilikuwa hazijafikia zile bora, na wao walikubali kuziuza kama bora ili zipate nguvu ya kukua. Alisema kama kompani imesahau deni lile. Akalia mbele yao, na wengi katika ukumbi walilia pia.

Machozi hayakuwa mwisho. Mwezi uliofuata alirudi kazini, akakaa kwenye kiti cha mukubwa wa mauzo, na kubadilisha namna ya kugawanya maeneo na kulipana. Kuomba samahani bila kubadilisha kitu, watu wanasamehe mara moja tu.

Kitu kinachobaki

Matsushita aliacha uenyekiti wa kompani mwaka 1973. Mwaka 1979 alifungua masomo ya kufundisha viongozi wa inchi yake. Alikufa tarehe 27 mwezi wa 4 mwaka 1989, na miaka 94.

Kwa wale wanaoongoza kazi katika mikoa yetu, wenye watu watano ama mia tano, maisha yake hayasemi kama kila bosi anaweza kulipa mushahara wote wakati kazi ni nusu. Wengine hawawezi, kama vile yeye mwenyewe hakuweza mwaka 1950. Lakini kuita watu mbele ya uvumi kuwafikia, kuwaonyesha hesabu bila kuficha, kuwaambia sehemu yao katika kuokoa kazi, na kukubali kosa pale liko lako, hayo hayahitaji banki kufunguliwa. Yanahitaji kuanza wakati bado kuna muchele ndani ya nyumba. Wafanyakazi wa Osaka mwaka 1929 walibeba taa mugongoni siku za mapumziko juu ya bosi ambaye walikuwa wamekula naye sahani moja miaka kumi mbele.